Kuzuru Miji ya Kale ya Vilimani nchini Italia: Mwongozo wa Safari ya Treni Kutoka Roma hadi Assisi

Katikati ya Italia, katika majimbo ya Umbria na Toscana na kaskazini mwa Lazio, miji mingi ya kale haikujengwa bondeni bali juu ya vilima. Waetruski, waliotawala eneo hilo kabla ya Roma kupata nguvu, walichagua majabali ambayo adui hangeweza kuyakwea bila kuonekana. Katika Zama za Kati, mji ulipopigana na mji jirani kizazi baada ya kizazi, kuta hizo za juu ziliendelea kuwa na faida. Na mabonde yenyewe, hasa yale yaliyotuama maji kama Val di Chiana na Maremma, yalikuwa makao ya mbu na malaria, ugonjwa ambao Italia ilitangazwa kuutokomeza mwaka 1970 tu. Reli ilipofika katika karne ya 19 ilifuata mabonde, na kwa hiyo hadi leo kituo cha treni hubeba jina la mji ilhali mji wenyewe uko juu, pengine kilomita kadhaa kutoka kituoni.

Hapo ndipo mipango mingi ya safari inapoharibika. Mgeni huangalia ramani, akaona kituo na mji vimeandikwa jina moja, kisha hushuka na masanduku mawili na kukuta kilima kimemsimamia mbele. Ushauri wote unaofuata unajengwa juu ya mambo mawili: kila mji upangwe kwa kuanzia na njia ya kuupanda, na usiku ulalwe juu, ndani ya kuta, si chini karibu na kituo. Njia inayopendekezwa hapa inaanzia Roma, inapita Orvieto, Civita di Bagnoregio na Perugia, na kuishia Assisi, na yote yanawezekana bila kukodi gari.

Hatua ya kwanza: punguza idadi ya miji

Usiku sita unatosha kwa njia hii: miwili Orvieto, mmoja Perugia na mitatu Assisi. Anayetaka kuongeza San Gimignano, Pienza, Gubbio na Urbino ndani ya siku hizohizo atatumia muda mwingi kwenye vituo vya mabasi kuliko ndani ya miji, kwa sababu kila mji humdai kupanda na kushuka upya, na mabasi yanayouunganisha mmoja na mwingine ni machache.

Kulala juu kuna sababu ya wazi. Mabasi ya watalii wa siku moja hufika kwenye saa nne asubuhi na kuondoka kwenye saa kumi na moja jioni, na kati ya saa hizo barabara kuu ya mji mdogo hujaa hadi pa kupita panakosekana. San Gimignano ndiyo mfano ulio dhahiri zaidi. Mji huo una minara 14 iliyobaki kati ya 72 inayotajwa kuwepo katika enzi za fahari yake, na uko karibu na Firenze kiasi kwamba watu humiminika kwa saa mbili tu, wakala aiskrimu na kuondoka. Aliyelala mjini huiona minara hiyohiyo asubuhi akiwa na wenyeji wanaofungua maduka. Kama huo ndio mji unaoutamani kuliko yote, shuka kwenye kituo cha Poggibonsi-San Gimignano na upande basi namba 130, lakini panga kulala huko angalau usiku mmoja, la sivyo ni heri kuuacha.

Hatua ya pili: viza, bima na msimu

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wote wanahitaji viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani baina yao. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ya mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15 kabla yake. Hata hivyo, kwa kuwa nafasi za miadi hujaa mapema, ni busara kuanza miezi mitatu kabla. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000 na itambulike katika eneo lote la Schengen. Anayepanga kupitia nchi nyingine za Ulaya akumbuke kwamba maombi hupelekwa katika ubalozi wa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, si ile atakayotua kwanza. Mzungumzaji wa Kiswahili anayeishi Uingereza au Oman naye huomba kulingana na pasipoti yake, akionyesha kibali chake cha kuishi huko. Mwenye kibali halali cha kuishi katika nchi ya Schengen hahitaji viza nyingine kwa ziara fupi.

Kwa ajili ya maombi hayo, weka nafasi za malazi zinazoruhusu kufutwa bila gharama. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili alama za vidole na picha ya uso za wageni wa nje ya Ulaya wanaoingia kwa ziara fupi, kwa hiyo usiunganishe kutua kwa ndege na treni inayoondoka dakika arobaini baadaye.

Miezi mizuri ni Aprili hadi katikati ya Juni, kisha Septemba na Oktoba. Agosti ni mwezi wa joto kali na wa likizo ya Waitalia wenyewe, hasa siku za kuzunguka tarehe 15, sikukuu waiitayo Ferragosto, ambapo bei hupanda na baadhi ya maduka hufungwa. Majira ya baridi yana faida ya utulivu na bei nafuu, lakini tramontana, upepo baridi wa kaskazini, ukivuma juu ya jabali, mtu aliyezoea pwani ya Afrika Mashariki atajuta kuacha koti zito nyumbani.

Hatua ya tatu: ifahamu treni ya mkoa kabla ya kuipanda

Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, treni ya Leonardo Express hukupeleka Roma Termini kwa euro 14. Anayekwenda moja kwa moja Orvieto anaweza kuchukua treni ya kawaida ya FL1 kwa euro 8 hadi Roma Tiburtina na kubadilishia hapo, maana treni nyingi za kuelekea Orvieto husimama Tiburtina pia. Safari ya kutoka Roma hadi Orvieto kwa treni ya mkoa, yaani ile ya kawaida isiyo ya mwendo kasi, huchukua takriban saa moja na robo hadi saa moja na nusu, na nauli haifiki euro 15. Treni nyingi za mwendo kasi za Roma na Firenze hupita chini ya Orvieto bila kusimama, kwa hiyo usivutiwe na mwendo wake.

Nauli za treni za mkoa hazipandi kadiri siku ya safari inavyokaribia, hivyo hakuna haja ya kununua wiki kadhaa mapema. Kinachohitaji uangalifu ni jambo jingine: tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima igongwe muhuri kwenye kimashine kilichopo kituoni kabla ya kupanda, na ile ya kwenye simu lazima ithibitishwe kwa kubonyeza kitufe chake kabla ya kupanda. Asiyefanya hivyo huhesabiwa kama asiye na tiketi halali, na mkaguzi hutoza faini hata kwa mgeni aliyelipa nauli yote. Tiketi za mabasi ya mjini hununuliwa kwenye maduka ya tumbaku yenye alama ya herufi T, yaitwayo tabacchi, na nazo hugongwa ndani ya basi.

Ratiba za Italia huandikwa kwa saa 24 kuanzia usiku wa manane. Treni ya 14:05 inaondoka saa nane na dakika tano mchana, na inafaa kuandika saa zote mbili kwenye daftari lako ili akili isiteleze ukiwa umechoka. Migomo ya usafiri, sciopero kwa lugha yao, hutangazwa siku kadhaa mbele, na siku za kazi kuna treni za mkoa zinazohakikishwa kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku.

Kuhusu mzigo, begi la mgongoni lina faida kubwa kuliko sanduku la magurudumu, kwa kuwa njia za mawe za miji hii hupanda, hushuka na kugeuka ngazi bila taarifa, na mvua ikinyesha huteleza. Viatu viwe na soli ya mpira inayoshika. Chomeko za Italia ni za vijiti vya mviringo, tofauti na zile za pini tatu bapa tulizonazo Kenya na Tanzania, basi adapta inunuliwe nyumbani.

Kuna wanaosisitiza gari. Gari lina faida katika mashamba ya Toscana, lakini kwa njia hii huongeza matatizo tu: leseni ya kimataifa inahitajika pamoja na ya nyumbani, magari hupita upande wa kulia, na katikati ya karibu kila mji wa kale kuna eneo linaloitwa ZTL, ambamo gari la asiye mkazi haliruhusiwi na kamera husoma namba za gari mchana na usiku. Faini hutumwa kupitia kampuni ya kukodisha miezi kadhaa baadaye, ikiwa na ada ya kampuni juu yake. Anayelazimika kuendesha aegeshe nje ya kuta. Mistari ya buluu ni maegesho ya kulipia, myeupe ni ya bure, na ya manjano si ya mgeni.

Hatua ya nne: Orvieto, siku mbili

Orvieto ndio mji wa kuanzia, kwa sababu njia yake ya kupanda ni rahisi kuliko zote. Ukitoka kituoni, mbele yako kuna kituo cha funicolare, behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma juu ya reli ya mteremko. Lilianza kazi mwaka 1888 kwa nguvu ya maji: behewa la juu lilijazwa maji, uzito wake ukalishusha, nalo likalivuta la chini kupanda. Lilisimama mwaka 1970 na kurudi mwaka 1990 likiendeshwa kwa umeme. Hukufikisha uwanja wa Piazza Cahen ndani ya dakika chache, na tiketi hiyohiyo hukupandisha basi dogo hadi kwenye kanisa kuu. Mji wenyewe, kwa kuwa umekaa juu ya jabali bapa la mawe laini ya volkano, si wa kupanda sana ukishafika, jambo linaloufanya uwafae wazee na wenye watoto.

Hatua chache kutoka Piazza Cahen kipo Pozzo di San Patrizio, kisima ambacho ni vyema kukiona ama unapofika ama unapoondoka, ili usirudie njia. Mwaka 1527 askari wa mfalme Karolo wa Tano waliiteka na kuipora Roma. Papa Klementi wa Saba akakimbilia Orvieto, na akihofia mji kuzingirwa bila maji, akamwagiza msanifu majengo Antonio da Sangallo Mdogo achimbe kisima kinachoshuka zaidi ya mita 50. Kazi ilikamilika mwaka 1537. Ustadi wake uko kwenye ngazi: ziko mbili, kila moja ina vidato 248, nazo hujizungusha kwenye ukuta wa kisima bila kukutana, ili nyumbu wa kubebea mizigo wanaoshuka na vyombo vitupu wasigongane na wanaopanda na maji. Vidato ni vipana na vifupi kwa ajili ya kwato, na binadamu hulazimika kubuni hatua isiyo moja wala mbili. Ukichungulia kwenye mojawapo ya madirisha ya ndani, utawaona watu ng'ambo ya shimo wakitembea sambamba nawe, wao wakipanda wewe ukishuka. Mwenye maradhi ya moyo au ya magoti atazame kutoka juu tu.

Kanisa kuu, Duomo, lilianza kujengwa mwaka 1290. Waamini Wakatoliki watavutiwa na kitambaa cha altare kinachohusishwa na muujiza wa Bolsena wa 1263, ambapo inaaminika hostia ilitoka damu wakati wa misa, na ni huku Orvieto ambako Papa Urbano wa Nne aliianzisha mwaka 1264 Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo kwa Kanisa zima. Kabla ya kuingia, simama karibu kabisa na nguzo nne pana za mbele, zilizochongwa chini ya usimamizi wa Lorenzo Maitani, kuanzia uumbaji hadi hukumu ya mwisho. Watu wengi huzipiga picha kwa mbali kisha huingia ndani bila kuzisoma.

Ndani, muda wako upe kikanisa cha San Brizio, upande wa kulia. Fra Angelico aliuanza mchoro wa dari mwaka 1447 akauacha, na Luca Signorelli akaukamilisha na kupaka kuta zote kati ya 1499 na 1504. Katika picha ya Mpinga Kristo, anayehubiri juu ya jukwaa la mawe ana sura inayofanana na ya Yesu, lakini nyuma yake shetani anamnong'oneza sikioni, na mkono unaotokeza kwenye vazi lake hauelezeki ni wa nani kati ya hao wawili. Pembeni kushoto, wanaume wawili wenye mavazi meusi wanaangalia: wanaaminika kuwa Signorelli mwenyewe na Fra Angelico. Picha ya Ufufuko wa Wafu inaonyesha ardhi nyeupe, laini kama sakafu, na miili ikijivuta kutoka ndani yake, wengine wametoa kichwa na mikono tu, wengine wangali mifupa inayosubiri kuvikwa nyama. Hapa nusu saa si nyingi.

Siku ya pili jioni fanya ziara ya chini ya ardhi inayoanzia uwanja wa Duomo. Jabali la Orvieto limechimbwa mapango zaidi ya 1,200 tangu enzi za Waetruski, kwa visima, mashinikizo ya mafuta ya zeituni na hata vyumba vya kufugia njiwa, ambao walikuwa kitoweo cha uhakika mji ulipozingirwa.

Hatua ya tano: asubuhi moja Civita di Bagnoregio

Basi la kampuni ya Cotral huenda Bagnoregio kutoka Orvieto, lakini Jumapili na sikukuu usilitegemee, na siku nyingine angalia basi la kurudi kabla ya kuondoka. Kutoka linapokushusha utatembea kuuvuka mji mpya hadi kwenye daraja refu la waenda kwa miguu, ambalo ndilo njia pekee ya kufika Civita. Kiingilio ni euro 5. Kijiji hiki cha asili ya Kietruski kimekaa juu ya jiwe la volkano lililolalia udongo wa mfinyanzi. Mvua hula udongo wa chini, na jiwe la juu humeguka pamoja na nyumba. Katika baadhi ya mahali utaona uso wa nyumba una mlango na madirisha, na nyuma yake hakuna kitu ila anga. Wakazi wa kudumu ni wachache mno. Mtakatifu Bonaventura alizaliwa hapa katika karne ya 13. Saa mbili zinatosha. Mwisho wa daraja una mwinuko mkali, kwa hiyo nenda mapema kabla ya jua kuwa kali.

Hatua ya sita: Perugia kwa ufupi

Kutoka Orvieto, panda treni ya kaskazini hadi Terontola-Cortona na ubadilishe kuelekea Perugia. Mbele ya kituo kuna Minimetrò, mabehewa madogo yasiyo na dereva yaliyoanza mwaka 2008, yanayokupandisha hadi mji wa juu. Wanaofika kwa basi hupanda kwa ngazi za umeme kutoka Piazza Partigiani, na hata kama hukuja kwa basi, zishuke angalau mara moja: zinapita ndani ya Rocca Paolina, ngome aliyoijenga Papa Paulo wa Tatu miaka ya 1540 juu ya nyumba za ukoo wa Baglioni aliokuwa ameushinda, na vichochoro vya mtaa uliozikwa bado vinapitika chini ya matao yake. Juu, tazama Fontana Maggiore, chemchemi ya uwanjani ya miaka ya 1270, kazi ya mchongaji Nicola Pisano na mwanawe Giovanni. Mwezi Julai, wakati wa tamasha la Umbria Jazz, vitanda huadimika.

Chakula na pesa

Migahawa mingi hufunga jiko kwenye saa nane na nusu mchana na kulifungua tena saa moja na nusu usiku. Makanisa madogo nayo hufungwa mchana. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ukikaa mezani, na ada ndogo iitwayo coperto kwenye bili si wizi. Mkate wa Umbria na Toscana hauna chumvi. Maji ya chemchemi za mjini hunyweka, isipokuwa palipoandikwa "non potabile". Muislamu awe mwangalifu kuliko anavyokuwa Roma, kwa sababu upishi wa Umbria umejaa nguruwe: neno la kuuliza ni "maiale", na "strutto" ni mafuta yake, ambayo huingia hata kwenye vyakula vya unga. Nyama halali usiitegemee vilimani. Dengu, maharage, mayai na tambi za uyoga hupatikana kila mahali. Beba pesa taslimu kidogo kwa ajili ya kodi ya malazi, inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoilipa mtandaoni.

Hatua ya saba: Assisi

Treni kutoka Perugia huchukua chini ya nusu saa. Kituo kiko Santa Maria degli Angeli, kwenye tambarare, na mji uko kilomita kadhaa juu. Basi la mstari C huunganisha. Karibu na kituo lipo kanisa kubwa la Santa Maria degli Angeli ambamo ndani yake mna Porziuncola, kikanisa kidogo cha mawe ambako Mtakatifu Fransisko alianzisha udugu wake, na karibu nacho ndipo alipofariki mwaka 1226. Litembelee siku ya kuondoka, kwa kuwa liko njiani.

Basilika la San Francesco lilianza kujengwa mwaka 1228, miaka miwili tu baada ya kifo chake, na kuingia ni bure. Mabega na magoti yafunikwe, simu izimwe, na picha zisipigwe ndani. Anzia kaburini, ngazi zinazoshuka kutoka kanisa la chini, kisha upande hadi la juu kusoma kwa mpangilio picha 28 za maisha ya mtakatifu ambazo kwa desturi huhusishwa na mchoraji Giotto. Sehemu ya dari la kanisa hilo la juu iliporomoka katika tetemeko la tarehe 26 Septemba 1997 na kuua watu wanne. Mafundi waliunganisha upya maelfu ya vipande vya rangi, na mabaka yaliyobaki wazi yanaonekana kwa anayeinua shingo.

Assisi iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, mwaka uleule wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na anayevijua vichochoro vya Shangani hatapata tabu kupotea hapa kwa raha. Jioni moja shuka kwa miguu hadi kanisa la San Damiano, kati ya mizeituni. Kurudi ni kupanda mfululizo. Nyumba za watawa hupokea wageni wa dini zote kwa bei ya wastani, ila nyingi hufunga mlango usiku kwa saa maalumu, kwa hiyo uliza kabla ya kutoka kwenda kula. Karibu na tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Fransisko, vyumba huhitaji kuwekwa miezi mingi mbele.

Kurudi Roma, baadhi ya treni huenda moja kwa moja na nyingine hubadilishwa Foligno. Ikiwa unaondoka Jumapili, nunua tiketi ya basi la C Jumamosi, kwa sababu maduka mengi ya tabacchi yatakuwa yamefungwa, na shuka kituoni angalau saa moja na nusu kabla ya treni ili upate muda wa kupita Porziuncola.